Shingo Ni Yangu

Busia, upande wa Kenya
12 Januari 2025

Osborn ndugu yangu,

Usiisome barua hii kwa sauti. Nakuandikia karatasi kama watu wa zamani kwa sababu simu yako siku zote iko kwa spika, Mama anasikia kila neno hata akiwa jikoni, na meseji zako husomwa na watoto kabla hujazisoma wewe. Kiswahili angalau hapo kwako hakuna mtoto anayekisoma. Obore wa bodaboda amekubali kukuletea mkononi kila akivuka kuja Mwello. Mpe chai.

Jino la Mama lilitolewa kule Kisumu, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba daktari wa meno alipiga picha ya taya zima, akaona kitu cheupe chini ya taya, upande wa shingo. Akatutuma kwa mwenzake mwenye mashine ya kuangalia damu inavyotembea. Wakamlaza Mama, wakampaka mafuta baridi shingoni, wakampitishia kile kidude pande zote mbili. Yeye akacheka, akawauliza kama wanamtafutia mimba shingoni.

Kisha daktari akaniita mimi peke yangu. Ile mishipa mikubwa miwili inayopita shingoni kupeleka damu kichwani imeingia uchafu wa mafuta, na uchafu wenyewe umeshikana ukawa mgumu kama ukoko wa ugali chini ya sufuria. Wa kulia ndio mbaya zaidi, umebaki na njia nyembamba. Kipande kikimeguka, au damu ikiganda hapo juu yake, kinapanda mpaka kwenye ubongo, na hapo ndipo mtu anapooza. Tena hauumi, Osborn. Mtu anaweza kutembea nao miaka na asijue. Alisema ni mambo ya umri, na ile presha ambayo Mama ameikimbia maisha yake yote. Akanipa dawa za aina tatu: ya presha, ya mafuta, na ya kufanya damu isigande ovyo. Azimeze kila siku, bila kuacha, hata akijisikia mzima. Na jicho likizima ghafla kisha likarudi, au mkono ukilegea, au mdomo ukienda upande, tusingoje kesho.

Mama hajui. Nimemwambia shingo yake imechoka kwa mizigo, kwamba miaka yote ya kubeba magunia ya simsim kichwani imebana misuli, na hizi ni dawa za misuli. Unamjua. Baba alipoambiwa ana kansa, alilala siku hiyo hiyo akageukia ukuta, na hakugeuka tena mpaka tulipomtoa. Sitaki kuliona hilo mara ya pili. Kwa hiyo na wewe shika maneno hayo hayo: ni mizigo. Mzuie asibebe, hakikisha anameza, na ufunge mdomo wako.

Dada yako,
Norah


Mwello, Tororo
18 Januari 2025

Dada Norah,

Barua yako nimeisoma nyuma ya choo kama mwizi, na nimekasirika mpaka sasa sijatulia. Wewe unakaa Busia na duka lako la viatu vya mitumba, unatunga uongo, halafu uongo unakuja kuishi kwangu. Mimi ndiye naamka naye. Mimi ndiye naulizwa.

Jana ameniuliza, "Baba John Paul, ni dawa ya misuli gani hiyo inamezwa hata siku mtu hajabeba kitu?" Nikamwambia daktari ndiye anajua. Akaniangalia vile anaangalia mtu aliyemwekea mawe chini ya gunia. Huyu ni mama aliyebishana na maofisa wa mpaka na madalali wa Malaba tangu sisi hatujazaliwa, na mara nyingi alishinda. Wewe unafikiri hawezi kubishana na ugonjwa?

Tena Baba alikuwa Baba. Baba aliogopa hata sindano ya ng'ombe. Usimpime Mama kwa kipimo cha mume wake.

Mizigo ameacha, lakini kwa hasira. Juzi alitaka kubeba debe la maji, nikalichukua, akasema amezaa askari. Siku ya soko wenzake wanapita hapa barabarani na beseni kichwani, wanamwita, na yeye amekaa barazani anajifanya anachambua simsim. Huku mwanamke akitembea kichwa kitupu siku ya soko watu wanamuuliza nani amekufa. Ndivyo anavyoulizwa.

Nitasema ni mizigo kwa sababu wewe ni mkubwa wangu na ulimpeleka wewe. Lakini sipendi, na siku mambo yakiharibika usije hapa kunitafuta mimi.

Ni mimi,
Osborn Odoi


Busia
26 Januari 2025

Osborn,

Usinitishe. Nani alimpeleka Kisumu? Nani alikaa kwenye benchi na ile bahasha ya picha mapajani, akijikaza asilie kwa sababu Mama alikuwa akitoka msalani? Wewe ulikuwa unavuna mihogo. Umekaa naye nyumba moja miaka yote hii, na presha yake hujawahi kumpeleka kupimwa hata siku moja, leo unanifundisha kipimo cha Mama.

Unasema anaweza kubishana. Ugonjwa si ofisa wa forodha, hauchoki na maneno ukakuachia upite. Huu ukisikika tu, mtu wetu ameanguka.

Nataka unijibu jambo moja: anameza? Usiniletee habari za kichwa kitupu na wanawake wa soko. Niandikie kwamba anameza.

Norah


Mwello
23 Februari 2025

Dada Norah,

Pikipiki ya Obore ilikuwa imekufa injini, ndiyo maana nimechelewa. Leo nakuandikia nikiwa na furaha kidogo, kwa hiyo tusamehane ya mwezi uliopita.

Mama ni mzima, tena mzima kutushinda sisi. Wanawake wa soko waliposikia shingo yake imechoka kwa mizigo, walimwambia asikae nayo hivyo, aende kwa Alupo. Yule mama wa Kiteso wa njia ya Tororo, unamkumbuka, anayekanda wachukuzi wote wa huku. Anapasha mafuta, anamkalisha mtu kwenye kigoda, yeye anakaa nyuma, anaishika shingo kwa vidole vyote kumi na kuibonyeza kutoka chini ya taya mpaka mabegani, halafu anazungusha kichwa mpaka mfupa unalia. Mama anakwenda kila Jumamosi. Siku ya kwanza alirudi akalala usingizi mpaka kuku wakaingia ndani. Anasema Alupo ana mkono wa baraka, na amempelekea jogoo.

Mimi pia nimefurahi. Niliwaza hivi: kama kweli humo ndani kuna kitu kigumu, si kukandwa kutakilainisha pole pole? Hata ukoko wa ugali unalowekwa ndipo unatoka.

Dawa ndiyo habari nyingine. Ameziacha. Nilimgombeza, akaniuliza, "Hizi zilikuwa za nini?" Nikasema za misuli. Akasema, "Misuli imepona, sasa mimi nimeze za nini?" Ule uongo wako haukuwa na jibu la hapo, Dada. Nieleze la kumwambia, kwa sababu mimi nimefika mwisho wa yale uliyonifundisha.

Wako,
Osborn


Busia
5 Machi 2025

Osborn,

Barua yako ilinifikia Ijumaa jioni. Nilipofika pale ulipomtaja Alupo nilisimama katikati ya duka na kiatu cha mteja mkononi. Nikakupigia, hupatikani. Nikapiga tena na tena. Simu yako ilikuwa senta, kule madukani, inachajiwa, kama kawaida yako. Asubuhi nikapanda nyuma ya Obore, tukavuka, tukaja mbio, na tulipomkuta, Mama alikuwa bado kwenye kigoda cha yule mwanamke, ameegemea ukuta, mkono wa kushoto umening'inia na mdomo umekwenda upande. Alikuwa anatuambia hajambo.

Yote hayo unayajua, ulifika nyuma yetu. Nayaandika kwa sababu pale wodini Tororo hukuniacha nimalize.

Kulainisha. Neno hilo uliliandika kwa mkono wako mwenyewe. Nilikwambia kikimeguka kinapanda kwenye ubongo, na wewe, mtu mzima, baba wa watoto, ukakipeleka kikabonyezwe kwa vidole kumi. Ulifurahi. Ukamwacha apeleke na jogoo.

Daktari wa pale hakusema ni Alupo. Alisema huenda. Alisema pia kuacha dawa peke yake kunatosha, na kwamba hakuna atakayejua kwa hakika. Mimi sihitaji hakika yake. Mwambie huyo mkandaji nikikutana naye nitamvunja vidole kimoja kimoja.

Na sasa nasikia wanataka kumpeleka Kampala wampasue shingo, waufungue ule mshipa wausafishe. Kataa. Wewe ndiye uko pale, wewe ndiye mwanamume wa nyumba, waambie familia haitaki. Nimeuliza hapa Busia, nimeambiwa kwenye kisu hicho hicho mtu anaweza kupooza zaidi, au asitoke kabisa. Na Mama asisikie neno la kupasuliwa. Mwambie wanamwangalia tu hali yake, basi.

Alinifukuza, Osborn. Mbele ya wagonjwa na wauguzi, kwa mdomo uliopinda, alininyooshea mkono ule mzima akaniambia nitoke. Na hilo naliweka juu yako, kwa sababu wewe ndiye uliyepiga kelele pale kitandani kwamba nilijua tangu Kisumu.

Norah


Tororo, hospitalini
7 Machi 2025

Dada,

Hapana. Sikatai kitu na simwambii Mama uongo mwingine. Nimechoka kuwa mdomo wako.

Vidole vya Alupo viache vilivyo. Alikuja hapa jana, nikadhani amekuja kulia. Hakulia. Alinivuta mpaka nje kwenye korido akaniambia, "Mlinipa shingo mkanificha ugonjwa wake. Mimi naulizaga kila mtu kabla sijamgusa, na mama yenu alinijibu vile mlimwambia ninyi." Halafu akaniambia kitu ambacho sijaweza kukimeza mpaka leo. Mwezi uliopita, mara mbili, Mama alimwambia jicho lake la kulia limefunikwa kama pazia, haoni, halafu pazia linaondoka. Alupo akamwambia ni damu inafunguka, ni dalili nzuri. Wote wawili walifurahi.

Mara mbili, Dada. Lile jambo ulilosema tusilingojee kesho, lilikuja mara mbili. Watu waliojua maana yake tulikuwa mimi na wewe, na sisi hatukuambiwa, kwa sababu Mama hakujua kuna kitu cha kutuambia.

Kuhusu kulainisha, nilikuwa mjinga. Sina la kuongeza. Lakini na wewe simama mahali pako. Mtu akiambiwa misuli imechoka, anakwenda kukandwa. Hakuna mwanamke wa huku asingekwenda. Wewe mwenyewe ungekwenda. Ungemwambia ni damu, asingemwacha mtu amguse. Uongo wako haukumzuia asiogope, ulimwonyesha njia ya kwa Alupo na kumwambia aache dawa.

Na ndiyo, nilipiga kelele kitandani, na sijutii. Daktari alipokuja leo kuongea habari ya Kampala, alinishika bega anitoe nje. Nikamwambia, "Ongea na mwenye shingo." Amekaa kitandani, amemchorea Mama ule mshipa kwa kalamu nyuma ya boksi la glavu. Mama amemuuliza maswali mpaka jasho limemtoka kijana wa watu. Sikukaa kusikiliza yote. Nilipogeuka nikakuta ameomba kalamu.

Usinijibu mimi. Atakuandikia mwenyewe.

Osborn


Tororo, hospitalini
9 Machi 2025

Mama Valarie,

Ninaandika mwenyewe. Mkono wa kulia ni mzima, wa kushoto ndio umekataa kushika. Naandika Kiswahili kwa sababu Kidhopadhola chetu cha nyumbani ni cha kubembelezea watoto, na leo sibembelezi. Kiswahili ndicho nilichogombania bei hapo mpakani tangu wewe unanyonya.

Shingo ni yangu. Tuanze hapo. Imebeba simsim, imebeba karanga, imebeba ndizi za Mbale, na wewe ulisoma kwa sababu ilibeba. Siku moja watu wameichungulia kwa mashine, wamekuta ina kasoro, na habari ya kasoro wamempa mtu mwingine. Huyo mtu mwingine nimemzaa mimi. Amekunja karatasi akaweka kwenye mkoba, akarudi na mimi kwenye gari tumekaa bega kwa bega. Tulikula samaki njiani, Norah. Ulinitolea miiba. Na ulikuwa unajua.

Hilo ndilo linaniuma kushinda mkono.

Barua zako Osborn amenionyesha. Unasema baba yako aligeukia ukuta kwa sababu aliambiwa. Mimi nililala naye kitanda kimoja, wewe ulikuwa unachungulia mlangoni. Aligeuka kwa sababu tangu siku ile nyumba nzima ilianza kunong'ona. Akiingia, watu wananyamaza. Akiuliza, anaambiwa apumzike. Hata nguruwe walipouzwa hakuulizwa. Mtu akiona ameshazikwa akiwa hai, ageukie wapi? Hakufa kwa kuambiwa, alikufa kwa kutoambiwa kitu kingine tena.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuficha, nilifichwa. Sasa kifo kimuumbue nani?

Uliogopa ningefanya nini? Nikwambie. Ningekasirika. Ningemtukana daktari na mashine yake. Ningelia kidogo huko shambani ambako hakuna mtu. Halafu ningemeza dawa, na siku jicho lilipofungwa ningepiga ukelele mpaka Obore amwache abiria barabarani. Badala yake niliingia kwa Alupo kwa miguu yangu miwili, nikafunua shingo, nikamwambia bonyeza. Nikamshukuru na jogoo. Yule mwanamke hana kosa, nisisikie umemtaja.

Osborn naye sijamsahau. Yuko hapa, anajifanya anakunja shuka. Alinitazama machoni miezi miwili akisema misuli, misuli. Huyo nina muda naye.

Sasa habari ya kisu, maana najua umemwandikia akatae kwa niaba yangu. Daktari amenieleza mimi. Mshipa umebaki kitundu. Wakiufungua wausafishe, huenda nikapona. Huenda nikapooza pale pale mezani. Kuna hata mshipa wa ulimi unaopita karibu, ukiguswa vibaya maneno yanakuwa mazito. Wasipoufungua, kiharusi kingine kinaweza kuja wiki hii au mwezi ujao, na hicho hakitaniachia mdomo wa kuwagombeza. Nimemuuliza kama ningekuwa mama yake angeamua nini. Amesema angemuuliza mama yake. Nimempenda huyo mtoto. Nimetia sahihi mwenyewe. Tunakwenda Kampala Jumanne, na ninyi hamkuulizwa, muonje kutoulizwa kulivyo.

Ninaogopa. Naliandika hili ili ujue kwamba mtu anaweza kuogopa na bado akatia sahihi. Ulimi ndio mali yangu, nimeishi nao, na huenda nikaurudisha umevunjika. Ndiyo maana nakugombeza leo na siyo wiki ijayo. Sitaki maneno haya yanifie ndani, halafu wewe ukae maisha yako yote ukijiambia kwamba Mama hakukasirika. Mama amekasirika. Hasira yote ni hii, sijakuwekea nyingine.

Usije Kampala mpaka nikuite. Watoto wasalimie, na uwaambie ukweli bibi yao amekwenda kufanywa nini.

Mama yako,
Edah Nyafwono


Busia
10 Machi 2025

Mama,

Nimeisoma mbele ya watoto, kwa sauti, kama ulivyosema niwaambie. Valarie ameniuliza kwa nini nilikufanyia hivyo.

Jibu ni kwamba niliogopa mimi. Pale Kisumu daktari alipoanza kusema, nilitamani nitoke mbio nije kukulilia kwenye mapaja, na nisingeweza kukulilia bila kukwambia. Nikakuita wewe mwoga ili nisijiite mimi. Samaki nilikutolea miiba kwa sababu mikono yangu ilikuwa inatafuta kazi.

Na mimi nimekasirika, Mama, nisikufiche tena kitu. Nimekasirika umenifukuza mbele za watu. Nimekasirika unapasuliwa na mimi niko hapa nauza viatu kwa sababu umenikataza. Nimeshafunga begi, liko nyuma ya mlango. Sitakuja bila kuitwa, umesema. Lakini sitalifungua hilo begi.

Mtoto wako,
Norah


Kampala
15 Machi 2025

Dada,

Kwenye simu nilikwambia tu ametoka, nikakata. Haya mengine Mama ameniamuru niyaandike, anasema ya simu hupotea, na dereva wa basi la Busia atakuletea kesho.

Daktari alinikuta kwenye korido kabla Mama hajaamka vizuri. Akasema upande wa kulia wameusafisha na damu inapita. Nikaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Akaningoja nimalize, ndipo akasema yaliyobaki. Upande wa kushoto nao una uchafu ule ule, si mwingi wa kupasua, lakini upo, na dawa ni za maisha. Mkono wa kushoto unaweza kurudi kidogo, na unaweza usirudi. Akasema, "Mtamwambia pole pole akipata nguvu."

Nikaingia nayo hiyo pole pole. Mama akafungua macho. Ana bandeji kubwa shingoni na sauti inakwaruza, lakini ni sauti yake, Dada, na maneno yananyooka. Nikamshika mkono nikamwambia, "Mama, daktari anasema kila kitu kimekwenda vizuri."

Akaniuliza, "Daktari anasema, au wewe ndiye unasema?"

Sikudhani swali linaweza kumwangusha mtu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme ni daktari. Nikaufunga. Halafu nikakaa kwenye kile kiti cha plastiki nikamwambia yote: upande wa kushoto, mkono, dawa za maisha. Yeye alisikiliza hajapepesa jicho, kisha akaniambia nimwite daktari.

Daktari akaja. Mama akamuuliza yale yale, moja baada ya jingine, kana kwamba mimi sikusema kitu, na kila akijibiwa ananiangalia mimi. Aliulinganisha mdomo wangu na wa daktari mpaka mwisho. Maneno yalipolingana hakunipongeza. Alisema, "Leo umesema kweli. Kesho nitauliza tena." Na leo asubuhi ameuliza tena, akamuuliza na muuguzi, akamuuliza na yule anayepiga deki.

Ndivyo tutakavyoishi sasa. Nimemletea maji, ameuliza kama yamechemshwa, halafu akamuuliza mgonjwa wa kitanda cha pili kama aliniona nikiyachemsha. Nilitoka nje nikalia kidogo. Sikukasirika naye. Nilikukasirikia wewe, halafu nikajikasirikia, halafu nikarudi ndani na yale maji.

Nimemuuliza nikuandikie nini kuhusu hali yake. Amefikiri, akavuta shuka kwa ule mkono mzima. Amesema, "Mwandikie nimetoka, na mwandikie yote uliyoniambia. Halafu mwambie asikuamini. Aje aone mwenyewe."

Osborn